Mjadala: Kati ya Kibanda na Duka Kubwa, Nani Ampishe Mwenzake Mombasa?

Mleta mada, mkaazi wa Frere Town

Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: je, ni haki, na ni busara, kuviondoa vibanda na nyumba zisizopimwa zilizoyazunguka maduka makubwa ya Nyali, Bamburi na Likoni kwa sababu hazina karatasi na zinachukiza macho ya mpita njia? Nimeisikia fikra hii ikitajwa barazani, ndani ya matatu na hata nje ya msikiti baada ya sala, kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na kilichobaki ni kupanga siku ya tingatinga. Mimi naipinga, na sitaipinga kwa kuomba huruma ya mtu.

Naanza na mahali nilipo. Frere Town haikuanza kama kijiji cha wavamizi. Ilianzishwa katika miaka ya 1870 na wamisionari wa Kianglikana ili kuwapokea watumwa waliokombolewa, na ile kengele iliyoipa Kengeleni jina lake ingali imesimama pale njia panda, magari yakiizunguka bila ya kuitazama. Jirani yetu Nyali, ambayo siku hizi hutajwa kama kipimo cha mtaa uliopangika, sehemu yake kubwa ilikuwa shamba la katani. Daraja la maboya la 1931 ndilo lililoifungulia njia, na daraja tulipitalo leo ni la 1980. Kwa hivyo anayesema kwamba sisi tumeusogelea mji wa watu na kuuchafua, na atazame kwanza nani alitangulia kuwa hapa.

Sasa niwaonyeshe kitu kimoja. Saa kumi na moja alfajiri, nje ya ukuta wa kituo kimoja cha maduka, yuko mama anayekaanga mahamri katika karai lililopinda mdomo, na pembeni yake sufuria ya mbaazi za nazi imefunikwa sinia. Wateja wake wa mwanzo ni walinzi wanaotoka zamu ya usiku, kisha wafagizi, kisha vijana wanaopanga bidhaa kwenye rafu kabla milango haijafunguliwa. Ndani ya jengo hilo upo mkahawa, lakini bei ya kikombe kimoja cha kahawa humo inamtosha mlinzi kula kiamshakinywa kwa mama yule siku kadhaa. Vijana hao wanalala Kisumu Ndogo na Ziwa la Ng'ombe, kwa sababu wakipanga mbali zaidi nauli itaumeza mshahara. Mwondoe mama huyo, zivunje nyumba hizo, kisha mwulize meneja wa duka ni nani atakayefungua milango saa mbili asubuhi.

Mwenye duka, Nyali

Ndugu yangu, nimekusoma kwa makini, na mahamri hayo nayajua kwa kuwa nami huyala. Hata hivyo umeitazama sarafu upande mmoja. Mimi nalipa kodi ya jengo, leseni ya biashara, ada ya zimamoto, ada ya afya na umeme ambao bili yake hainipi usingizi. Anayeuza sabuni ile ile niuzayo mimi, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, halipi hata moja katika hizo. Mnaita huo ushindani?

Na si fedha peke yake. Masika yaliyopita maji yaliingia dukani kwangu yakapanda mpaka rafu ya pili kutoka chini. Tulipofunua mfereji ulio mbele tulikuta maganda ya viazi, chupa za plastiki na mafuta ya kukaangia yaliyoganda kama mshumaa. Tukajaza magunia sita. Njia ya miguu haipitiki, hivyo watoto wa shule wanatembea barabarani pamoja na tuk-tuk na bodaboda. Moto ukizuka katika vichochoro vya nyumba hizo unazozitetea, gari la zimamoto litapita wapi? Sisemi watu watupwe baharini. Nasema mji una mpango wake, na asiyetaka kufuata mpango hana budi kumpisha anayeufuata.

Msomaji, Likoni

Sisi wa ng'ambo tunayajua haya kwa undani. Shamba la Waitiki, ekari 930, lilivutaniwa kwa miaka mingi: mwenye hati upande mmoja, maelfu ya watu waliokwisha kujenga, kuzaa na kuzikana juu yake upande wa pili. Hakuna tingatinga lililoumaliza ugomvi huo. Ulimalizika Serikali ilipolinunua shamba kwa mwenyewe, na hatimiliki zikaanza kutolewa kwa wakaazi Januari 2016. Kama haki ya mwenye hati na haki ya mkaazi ziliweza kukaa meza moja Likoni, sioni kwa nini zishindwe Bamburi.

Mwenye duka, Nyali

Ziliweza kwa fedha za mlipa kodi, ndugu. Je, kila shamba litakalovamiwa Serikali italinunua? Hapo mtawafundisha watu kwamba njia fupi ya kupata ploti ni kujenga usiku.

Mpimaji ardhi mstaafu, Tudor

Naomba niingilie, kwa kuwa neno «kuvamia» linatumiwa hapa kwa wepesi mno. Katika ukanda huu wa Mwambao, swali la nani mwenye ardhi halikuanza juzi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai ajitokeze mbele ya msajili na kulithibitisha, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya kikoloni. Aliyejua kusoma tangazo, aliyekuwa na wakili, aliyeweza kusubiri, alipata hati. Wamijikenda waliokuwa wakilima kwa utaratibu wa ukoo, ambao kwao ardhi haikuwa mali ya mtu mmoja, hawakuwa na dai la namna iliyokubalika. Hivyo wako watu katika kaunti hii wanaoitwa maskwota, yaani wakaazi wasio na hati, juu ya udongo ambamo babu zao wamezikwa, na wako wenye hati ambao hawajawahi kuliona shamba lenyewe.

Jambo la pili ni la kisheria. Hata mkaazi asiye na hati haondolewi kwa mkupuo. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na Katiba katika kifungu cha 43 inataja haki ya kila mtu kupata makao yanayofaa. Vilevile, aliyekaa waziwazi juu ya ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 bila ya ruhusa na bila ya kusumbuliwa anaweza kwenda mahakamani kuidai. Mwenye duka anaposema «mpango», basi na hayo yamo katika mpango.

Hata hivyo namwunga mkono katika hili: kibanda kilichokaa juu ya mfereji au juu ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyoachwa kando kwa ajili ya barabara, hakina utetezi. Nimepima barabara za mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini, na pale ambapo ramani inaonyesha mita kadhaa za hifadhi, macho yanaona ukuta. Niongeze tu kwamba ukuta huo si wa mabati kila mara. Mara nyingine ni wa mawe, una rangi nzuri na taa juu yake, na mwenyewe anaegesha magari ya wateja wake pale pale ambapo mama wa mahamri anaambiwa ni kosa kuweka karai.

Mleta mada, mkaazi wa Frere Town

Nakushukuru, mzee wangu, na nitaendelea pale ulipoishia, kwa sababu kuna jambo la Mombasa ambalo mgeni wa mji huu hulishangaa na ambalo ndilo kiini cha hoja yangu. Hapa mtu anaweza kumiliki nyumba bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Ni desturi ya zamani, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu iliyotumika pwani, ambapo shamba laweza kuwa la fulani, minazi iliyomo ikawa ya mwingine, na nyumba iliyo katikati ya minazi ikawa ya mtu wa tatu. Majengo, Mwembe Tayari, Kisauni na kwingineko zimejaa nyumba za namna hiyo: vyumba sita, ukumbi katikati, uwa nyuma, na kila chumba kina familia yake. Mwenye nyumba anampelekea mwenye shamba kodi ya kiwanja kila mwezi, naye hupewa risiti. Marehemu nyanya yangu aliziweka risiti zake katika kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa uzi, na alikuwa akizitoa na kuzihesabu kila Ramadhani kama mtu anayehesabu dhahabu.

Nyanya huyo hakuwa mvamizi. Alikuwa mpangaji wa ardhi na mwenye nyumba kwa wakati mmoja. Lakini benki haikopeshi kwa risiti za kopo la maziwa. Mwenye shamba, kwa upande wake, hakumruhusu kujenga kwa mawe na zege, asije akajenga kitu ambacho ni shida kukiondoa. Kwa hivyo nyumba ilibaki ya udongo, fito na mabati kwa miaka mingi, si kwa uvivu wala kwa umaskini peke yake, bali kwa masharti. Kisha shamba linauzwa, mnunuzi mpya anataka kujenga maghorofa, na yule yule aliyekatazwa kujenga vizuri anaambiwa aondoke kwa kuwa nyumba yake ni mbovu. Mnaona mduara huo? Watu wanaiita mitaa hiyo isiyo rasmi, ilhali ina mikataba, risiti, mashahidi na wazee wa mtaa wanaojua mpaka wa kila uwa.

Ama kuhusu ushindani, nadhani mwenye duka anamwogopa mtu asiyekuwa mshindani wake. Mteja anayenunua mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, robo ya sukari na sabuni iliyokatwa kipande hana fedha ya chupa ya lita mbili. Akipiga hesabu ataona kwamba kwa kipimo anayalipia mafuta zaidi kuliko wewe unavyoyauza, na anajua hivyo; lakini kibarua cha bandarini hulipwa kwa siku, na chupa ya lita mbili ni mshahara wa mtu anayelipwa kwa mwezi. Tena bidhaa hizo za kibandani mara nyingi hutoka kwa wauzaji wa jumla, na mboga hutoka soko la Kongowea, ambako malori ya bara hushusha viazi na kabichi. Mama wa kibanda, mkahawa wa Nyali na hoteli za Bamburi wote huchukua huko.

Na kama yuko anayedhani duka kubwa ndilo la kutegemewa, akumbuke maduka ya Nakumatt. Lilikuwa jina kubwa nchini, na hapa Mombasa watu walielekezana njia kwa kulitaja. Rafu zikaanza kuwa tupu, matawi yakafungwa, na Januari 2020 wadai wakaamua kampuni ifungwe kabisa. Tuskys, kampuni nyingine ya maduka makubwa, nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Wakati wote huo genge la mboga lililokuwa nje ya lango halikufunga hata siku moja. Sisemi hivyo kwa kufurahia, maana wafanyakazi waliopoteza ajira ni majirani zangu. Nasema tu kwamba mtaa uliovunjiwa vibanda vyake kisha ukafungiwa duka lake kubwa unabaki na uwanja wa kuegesha magari.

Mwenye duka, Nyali

Hilo la nyumba bila ardhi sikulijua kwa undani, nakiri. Wazazi wangu walinunua hapa wakiwa na hati mkononi na hatukuwahi kuuliza. La mafuta ya kupima pia sina jibu, kwa kuwa hata mimi chupa ndogo kuliko zote niliyo nayo hawainunui. Lakini mfereji wangu bado umeziba. Mnaweza kunieleza historia tangu 1908 mpaka leo, na mvua ikinyesha nitaokota magunia sita mengine. Nataka mtu aniambie nani atawajibika.

Mpimaji ardhi mstaafu, Tudor

Swali la haki kabisa. Mchuuzi analipa ushuru wa siku kwa karani wa kaunti; ni pesa kidogo, lakini ikikusanywa mwaka mzima kwa barabara nzima si kidogo tena. Ushuru huo ungestahili kurudi pale pale kama pipa la taka, bomba la maji na mistari iliyochorwa chini kuonyesha karai likae wapi na mtoto wa shule apite wapi. Vibanda vipimwe kama viwanja vinavyopimwa, kila kimoja kiwe na namba, na mwenye namba ajulikane. Atakayemwaga mafuta mferejini aondolewe yeye, si safu nzima.

Mleta mada, mkaazi wa Frere Town

Hapo mimi na mwenye duka tunaweza kukubaliana, ila naongeza sharti moja. Namba zikitolewa, zitolewe kwa wale waliopo sasa, na zoezi lifanyike mchana, wazee wa mtaa wakiwapo. Nimewahi kuona orodha ya wachuuzi ikiandikwa ofisini. Siku ya kugawa nafasi wakajitokeza watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakiuza hata ndizi.

Leo alfajiri nilimweleza mama wa mahamri habari ya mjadala huu. Akauliza mfereji unaozungumziwa ni upi. Nilipomwonyesha, alisema ufuniko wake ulivunjwa na lori lililoleta bidhaa za duka lenyewe, kabla yeye hajahamia hapo, na kwamba amekuwa akiufunika mfereji kwa ubao kila jioni ili watoto wasitumbukie. Ubao wenyewe niliuona. Umelowa mafuta, hilo sitalificha.