Mjomba, yule maiti alikuwa nani hasa?

*Rehema:* Shikamooni nyote. Mjomba, nimemaliza ile riwaya ya ujasusi uliyoniazima, nimelia. Yule askari anatamani vita maisha yake yote, hapelekwi, mwisho anakufa kwa nimonia, na maiti yake ndiyo inatumwa kuwahadaa Wajerumani. Yalitokea kweli?

*Mjomba:* Marahaba mwanangu. Maiti ni kweli. Askari si kweli. Mwandishi, Duff Cooper, alikuwa waziri Uingereza wakati wa vita. Aliitoa mwaka 1950, siri bado imefungiwa. Serikali ilijaribu kumzuia.

*Baba Mkubwa:* Maiti inamhadaa nani? Hebu anzia mwanzo.

*Mjomba:* Mwaka 1943, kaka. Vita vya Afrika Kaskazini vinaelekea mwisho, Waingereza na Wamarekani wanataka kuvuka kuingia Sisilia. Ukitazama ramani tu unajua watapita hapo. Sasa maofisa wawili, Ewen Montagu wa jeshi la majini na Charles Cholmondeley wa jeshi la anga, wakatafuta maiti, wakaivika sare, wakaipa jina la Meja William Martin na mkoba wa barua za majenerali zinazoonyesha kwamba shambulio litakuwa Ugiriki na Sardinia. Wakaiachia majini karibu na Huelva, Hispania. Hispania haikuwa vitani, ila Huelva kulikuwa na jasusi wa Kijerumani, Adolf Clauss, aliyejuana na watu wengi pale.

*Shangazi:* Maiti waliitoa wapi? Mtoto wa nani?

*Mjomba:* Ndilo swali hilo, dada. Ni Glyndwr Michael, mtu wa Wales, miaka 34. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, alijiua wakati Glyndwr akiwa bado mdogo. Mama akafariki 1940. Akaishia London, hana kazi, hana pa kulala. Januari 1943 alikutwa kwenye ghala tupu, amekula sumu ya panya. Akafia hospitali.

*Shangazi:* Inna lillahi. Na ndugu zake waliambiwa?

*Mjomba:* Montagu aliandika baadaye kuwa jamaa waliridhia. Wazazi walikwisha kufa, na ndugu waliobaki hakuna aliyewauliza.

*Mama Rehema:* Hapo mimi siwasamehi. Vita ni vita, lakini maiti ina wenyewe.

*Mjomba:* Siku ya kumvalisha, miguu ilikuwa imeganda kwa baridi ya mochwari, buti haziingii. Wakawasha hita ya umeme, wakaviyeyusha vifundo vya miguu ndipo wakamvalisha. Mfukoni wakamtia barua mbili za mapenzi, risiti ya pete ya uchumba, vipande vya tiketi za maonyesho, barua ya benki ya kudai deni. Picha ya mchumba ilikuwa ya Jean Leslie, karani wa idara ya ujasusi. Na barua kutoka kwa baba.

*Shangazi:* Baba yupi tena?

*Mjomba:* Baba wa kubuni, dada. Baba wa Meja Martin.

*Rehema:* Mjomba, hilo limenichoma kuliko riwaya nzima.

*Baba Mkubwa:* Nani alimwona baharini?

*Mjomba:* Mvuvi wa dagaa, José Antonio Rey María, asubuhi ya 30 Aprili. Nyambizi ilimshusha alfajiri ile ile.

*Baba Mkubwa:* Mungu amlipe. Mimi nimeshakuta maiti mara mbili baharini. Unaacha nyavu, unarudi pwani naye, siku imekwisha hapo. Huwezi kumpita.

*Shangazi:* Huko kwenye nyambizi hakusomewa chochote?

*Mjomba:* Alisomewa. Nahodha Norman Jewell alimsomea Zaburi ya 39 kabla ya kumwachia. Na Huelva alizikwa kwa heshima za kijeshi, Mei 2.

*Shangazi:* Afadhali.

*Rehema:* Na Wajerumani wakanasa?

*Mjomba:* Wakanasa. Ndani ya barua moja Waingereza walikuwa wameficha ukope. Karatasi ziliporudishwa, ukope haumo, wakajua zimefunguliwa. Hitler akahamishia Ugiriki kikosi cha vifaru kutoka Ufaransa. Tarehe 10 Julai Waingereza na Wamarekani wakashuka Sisilia. Sina shaka watu wengi sana walirudi kwao hai kwa sababu ya mtu yule mmoja.

*Mama Rehema:* Na kaburi likabaki na jina la uongo?

*Mjomba:* Zaidi ya miaka 50. Mwaka 1996 Mwingereza mmoja, Roger Morgan, aliyekuwa akilifukunyua jambo hili kwa miaka, akaliona jina kwenye nyaraka za serikali. Baadaye likachongwa chini ya lile la Martin: Glyndwr Michael, aliyetumikia kama Meja William Martin.

*Rehema:* Kwenye riwaya amepewa heshima ya afisa wa kuzaliwa. Kumbe mwenyewe alikuwa mtu ambaye tungempita barabarani.

*Shangazi:* Jina lake linatamkwaje? Nataka kulisema vizuri.

*Mjomba:* Glin-duur.

*Shangazi:* Na baba yake mzazi aliitwa nani?

*Mjomba:* Thomas.

*Shangazi:* Glinduri mwana wa Thomas. Haya, nimelishika.