Namugongo, Kibeho au Bagamoyo? Hija ya familia za jumuiya kutoka Mwanza

MamaNeema_Nyegezi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Jumuiya yetu imeazimia kwenda hija mwakani, na safari hii tunataka ziende familia nzima, siyo akina mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) peke yao kama ilivyozoeleka. Walioandikisha majina wanakaribia arobaini. Wamo mabibi na mababu ambao magoti hayawaruhusu kusimama muda mrefu, wamo watoto wa shule ya msingi, na wamo wenye ndoa mseto: baba mmoja Mwanglikana na mwingine Mwislamu. Wote wawili wamesema watafuatana na wake zao na watoto. Hilo limenifurahisha kuliko vyote, na sitaki wafike huko wajione wageni.

Mapendekezo yaliyobaki mezani ni matatu: Namugongo ya Uganda, Kibeho ya Rwanda na Bagamoyo ya pwani yetu. Kila mmoja anavutia kwake. Kikao kijacho natakiwa niende na maelezo ya kueleweka. Mliowahi kwenda au kupeleka vikundi, nisaidieni: njia, hati, malazi, na zaidi ya yote, watu wetu watarudi na nini?

Mhaya_wa_Kashozi

Milele amina, mama. Kura yangu ni Namugongo, ila kwa sharti moja: msiende tarehe 3 Juni.

Najua wengi watanipinga. Siku ile ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, watu hufika kutoka Kenya, Kongo, Rwanda, Sudan Kusini na kwetu, wengine kwa miguu baada ya kutembea siku nyingi. Kuiona imani ya namna ile ni neema. Lakini fikiria bibi yako asiyeweza kusimama. Altare ya siku hiyo iko kwenye jukwaa katikati ya ziwa dogo, na umati unakaa kwenye miteremko inayolizunguka. Ili upate mahali unaingia alfajiri au unalala palepale juu ya mkeka. Foleni ya ukaguzi ni ndefu, mabasi yanaachwa mbali, choo ni kupanga mstari. Vijana wenu wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) waende Juni 3, wataikumbuka maisha yao yote. Familia ziende wakati mwingine shule zikiwa zimefungwa, Desemba kwa mfano.

Siku ya kawaida Namugongo ni pengine kabisa. Mnaingia basilika kwa utulivu. Jengo limejengwa kwa umbo la msonge, nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki, na altare imewekwa pale alipochomewa Karoli Lwanga, kiongozi wa wale vijana wa ikulu. Yeye alitengwa na wenzake, akachomwa taratibu kuanzia miguuni. Mkiwa mmesimama pale, waambieni watoto habari za Kizito, mdogo kuliko mashahidi wote. Alikuwa na umri wa miaka kama 14, yaani rika la kidato cha kwanza. Hakuna mahubiri yatakayomshika mtoto kuliko kujua hivyo akiwa mahali penyewe.

Tena msianzie Namugongo. Anzeni Munyonyo, kando ya ziwa, ambako Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga aliwahukumu mwezi Mei 1886. Usiku ule kabla ya kuchukuliwa, Lwanga aliwabatiza waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojifunza dini kabla ya ubatizo, Kizito akiwemo. Munyonyo siku ya kwanza, Namugongo siku ya pili: hapo habari inakwenda kwa mpangilio wake, na wazee wanapumzika katikati.

Njiani laleni Bukoba. Asubuhi misa kanisa kuu, alipozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960. Kutoka hapo hadi Mutukula, mpakani mwa Uganda, ni kama kilomita 80.

KondaMstaafu

Naongezea ya barabarani tu. Kabla hamjalipa hata shilingi ya kutanguliza, mwenye basi awaonyeshe kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambulika ng'ambo, na kibali cha kukodishwa kwa safari maalumu. Msikubali kuambiwa "tutakata mpakani". Nimeshuhudia kikundi cha kwaya kikishinda Mutukula nusu siku, watoto wamekaa kwenye mizigo, kwa sababu ya karatasi hiyo. Na muandike kwenye mkataba madereva wawili.

Foleni ya kivuko pale Busisi imekwisha, daraja linapitika. Hapo mmeokoa muda wa kutosha.

Dada_wa_Huye

Mimi ni Mtanzania, naishi Rwanda. Naomba Kibeho nayo ipewe haki yake.

Bikira Maria alianza kumtokea Alphonsine Mumureke tarehe 28 Novemba 1981 kwenye bwalo la chakula la shule ya wasichana. Baadaye wakafuata Nathalie na Marie Claire. Kanisa lilichunguza miaka mingi, na tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro akatangaza kwamba ushuhuda wa hao watatu ni wa kuaminika. Mahujaji wanasali Rozari ya Mateso Saba. Mahali penyewe ni kilimani, kuna baridi, kuna ukimya. Ukitaka kikundi kitulie na kusali, Kibeho inazipita zote mbili.

Sasa la watoto. Kibeho ni mahali palipolia sana. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maelfu waliuawa pale, wengi wao ndani ya kanisa la parokia walikokimbilia. Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka huohuo. Ukumbusho uko palepale, na si haki kwenda Kibeho ukapita kama hujauona. Kwa mtu mzima hilo ndilo linaloipa sala uzito. Kwa mtoto wa darasa la nne inabidi mzazi amwandae nyumbani, na ajue atakachojibu mtoto akiuliza "kwa nini waliuawa kanisani?"

Njia kutoka Mwanza ni Geita, Biharamulo, Nyakahura hadi Rusumo, kisha Kigali na Huye. Huku magari hupita kulia na saa iko nyuma kwa saa moja, mwambieni dereva. Kiswahili mtasikilizwa, ni lugha rasmi tangu 2017, ingawa wazee wa vijijini wengi watawajibu kwa Kinyarwanda.

BintiPwani

Assalamu alaykum, na wengine wote habari zenu. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Bagamoyo. Nimesoma kuhusu yule baba anayesindikiza familia yake nikaona nisipite kimya.

Bagamoyo ndiko kunakomfaa kila mmoja katika orodha yako. Hakuna mpaka, hakuna pasipoti, hakuna kubadili fedha. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ya mwaka 1868 ndiyo ya kwanza ya Kikatoliki bara ya Afrika Mashariki, na ilianza kwa kuwapokea waliokombolewa utumwani. Mtapita kwenye njia ya miembe, mtauona mbuyu ulioumeza mnyororo, mtaingia makumbusho yaliyo katika nyumba ya zamani ya masista. Kuna mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa mpelelezi David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Nendeni hadi makaburini pia. Someni umri wa wale mapadre na mabruda kwenye misalaba. Wengi malaria iliwachukua wakiwa vijana kabisa.

Halafu, dada yangu, mpelekeni huyo baba na watoto wake Kaole, kilomita chache tu kusini. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo ya Washomvi, wenyeji wa zamani wa pwani ile, yaliyokuwa yamepambwa kwa bakuli za Kichina. Wenyeji bado wanakwenda pale kuomba dua. Watoto wa nyumba ile watakuwa wameona asili ya imani ya mama na ya baba katika siku moja, na sijui hija gani nyingine inayowapa hilo.

Kwa urefu wa njia, basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar. Wazee watashukuru.

Mwanakwaya_Isamilo

Bwana Yesu asifiwe. BintiPwani kasema vizuri, ila hata Namugongo haimtengi mtu. Sisi Waanglikana tuna mashahidi wetu 23, na kituo chetu kiko Namugongo hiyohiyo, mwendo mfupi kutoka basilika. Makumbusho yake yana sanamu zinazoonyesha jinsi walivyofungwa mafungu ya matete kabla ya kuchomwa. Baadhi yao walikufa pamoja na Wakatoliki, moto mmoja. Kikundi kinachotembelea upande mmoja tu kimeona nusu.

Na Waislamu nao wana damu iliyomwagika Namugongo. Miaka ya 1870, enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza, vijana wa ikulu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu waliuawa hapohapo, kabla ya Wakristo. Mwenyeji anayeijua historia atawasimulia mkimwomba.

MamaNeema_Nyegezi

Asanteni sana. Hilo la Waislamu wa Namugongo sikulijua, na limebadilisha mawazo yangu kabisa kuhusu kile kipengele cha ndoa mseto.

Nikiwasikiliza naona hivi: Kibeho kwa wanaotaka kusali, Bagamoyo kwa urithi na wepesi wa hati, Namugongo kwa vyote viwili lakini kwa gharama ya mpaka. Kinachonisumbua ni urefu wa Bagamoyo. Zaidi ya kilomita elfu moja kwa bibi wa miaka sabini na kitu, kwenda na kurudi? Kampala ni karibu zaidi kwetu.

MzeeWaBukumbi

Shikamooni wakubwa zangu, marahaba wadogo. Binti yangu MamaNeema, mnazungumza kama vile hizi ni safari tatu zisizohusiana. Namugongo na Bagamoyo ni njia moja, na ninyi mmekaa katikati yake.

Wamisionari wa Afrika, White Fathers, waliondoka Bagamoyo na msafara wao mwaka 1878, wakapitia Tabora, wakafika Kageye hapa kwetu kando ya ziwa. Kutoka Kageye, Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi wakafika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Hali ilipokuwa mbaya Buganda mwaka 1882 waliondoka wakarudi upande huu, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Huku nyuma, wale waumini wachache waliowaacha Buganda walifundishana wenyewe kwa wenyewe bila padre. Mapadre walirejea mwaka 1885, na mwaka uliofuata ndio moto wa Namugongo. Miongoni mwa wale mashahidi wamo waliokomazwa na miaka hiyo ya kukaa peke yao, Bukumbi ikiwa ndiyo kimbilio la mapadre wao.

Sasa Bukumbi iko wapi? Iko kwenye barabara ileile ya kwenda Busisi! Basi lenu litapita karibu na mlango wake. Watu wetu wanasafiri kwenda Uganda kutafuta historia, wanapita Bukumbi wamelala. Mimi jambo hili linaniuma sana.

Pendekezo langu: hija ianze kwa misa Bukumbi alfajiri, kisha Bukoba, kisha Kigungu, Munyonyo na Namugongo. Ombeni paroko awaandikie barua za utambulisho kwa kila kituo mapema. Barua ya paroko hufungua milango ya kumbi na nyumba za masista ambazo mtu binafsi hapati. Bagamoyo ipangieni mwaka wake.

Mhaya_wa_Kashozi

Mzee, umetufundisha. Nimekaa na habari ya Namugongo muda wote huu bila kuiunganisha na Bukumbi.

Dada_wa_Huye

Nakubaliana. Kibeho iwe ya watu wazima watakaotaka mafungo.

MamaNeema_Nyegezi

Mzee wangu, shikamoo. Napeleka hilo kikaoni: Desemba, Bukumbi hadi Namugongo, na tutapita kituo cha Waanglikana vilevile. Baba yule Mwislamu nitamwomba yeye mwenyewe atafute mwenyeji wa kutusimulia habari za vijana wa Mutesa, kikundi kizima kisikilize. Bagamoyo na Kaole tunaanza kuchangia upya tukirudi.

KondaMstaafu, hati za watu sasa. Wengi hawana pasipoti.

KondaMstaafu

Kitambulisho cha NIDA pekee hakitoshi. Huo utaratibu wa vitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda wenyewe kwa wenyewe. Asiye na pasipoti aende Uhamiaji kuomba hati ya dharura ya kusafiria, na aende mapema kwa sababu ya foleni. Watoto wabebe vyeti vya kuzaliwa. Anayesafiri na shangazi au bibi awe na barua ya wazazi.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima Uganda, na mkirudi Mutukula wanaiuliza tena. Ichanjwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo wale akina mama waliokwenda zamani wakitafute kabatini kabla ya kulipia kingine. Kwa wazee, waulize kwanza hospitali: waliovuka miaka 60 daktari huwapima hali kabla ya kuwachoma.

Teua mtu mmoja ashike nakala za hati za wote kwenye faili moja, akae kiti cha mbele.