Tupeane uzoefu: mliopitia bendi za muziki wa panki (punk), mwishoni alibaki nani?

BesiNyuziTatu: Wakuu, juzi nimekuta kaseti yetu ya kwanza kwenye boksi la viatu. Kwenye jalada tuko wanne. Kaseti ya tatu nimebaki mimi tu. Miaka sita, wapiga dramu saba. Mwageni na nyie.

FimboMbili: Saba tu? Mlikuwa na bahati.

KooLimekauka: Mimi nilikuwa mwimbaji wa pili, nilirithi nyimbo za mwenzangu. Usiku ule sitausahau. Mpiga gitaa na mpiga dramu walikuwa hawasemezani tangu mchana, kisa nani kasahau waya wa gitaa. Wimbo wa nne dramu ikaanza kukimbia, makusudi kabisa. Gitaa nalo likaifukuza, mimi mdomo haufiki. Ghafla kimya. Nageuka, jamaa anafungua nati za matoazi, moja moja, taratibu, anatia mfukoni. Watu wanashangilia, wanadhani ndiyo shoo yenyewe! Akashuka na matoazi kwapani. Kijana mmoja wa mbele akapanda, akakalia kiti kikiwa bado na joto, akatumalizia shoo kwa ngoma tupu. Tulikaa naye miaka miwili.

FimboMbili: Nati alirudisha?

KooLimekauka: Mpaka leo.

Mkwaruzo: Henry Rollins naye aliingia Black Flag, bendi ya panki ya Marekani, hivyohivyo. Shabiki tu, 1981 akapanda jukwaani New York kuimba nao, baadaye wakamwita awe mwimbaji wao wa nne. Dez Cadena aliyekuwa anaimba akabaki na gitaa.

SautiJuu: Na toka 1976 hadi wanavunjika 1986 Greg Ginn tu, mpiga gitaa wao na mwanzilishi, ndiye hakutoka. Hiyo ni bendi au bosi na vibarua?

GitaaLaPili: Vibarua?? Nimetunga nusu ya nyimbo za watu na jalada halina jina langu. Chunga mdomo.

SautiJuu: Sasa hasira za nini, nimekutaja?

Mkwaruzo: Andikianeni mapema, nyimbo za nani, jina la bendi la nani.

BesiNyuziTatu: Mkataba kwenye panki, aisee! Sisi hata zamu ya kubeba spika tuligombania.

GitaaLaPili: Usiandike kitu. Ukiona wamenuna, beba amplifaya yako ulale nayo.

FimboMbili: Wa nati, zungushia mpira wa kubana juu ya toazi, halichomoki. Nimepiga hivyo mwaka mzima.