Elfu 50 kulala "ndani ya historia" hapa Lindi: ukuta umetudondokea, na luku nimenunua mimi

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, atakayeona lugha imekuwa kali anivumilie. Mkono wa kushoto wote unawasha, nitaeleza kwa nini.

Jumamosi tulikuwa na harusi ya mpwa wangu Lindi mjini. Nimetoka Dar na bi mkubwa, mama yangu mzazi, mzaliwa wa Mikindani, miaka sabini na ushee, magoti yanamsumbua. Nyumba ya shughuli imefurika, watu wanalala kwenye mikeka mpaka barazani, nikaona nimtafutie mama mahali pa kujinyoosha siku mbili. Mtandaoni nikakuta kihoteli kwenye mitaa ile ya zamani ya maduka ya Wahindi. Jina silitaji, sitaki kesi, na naomba msianze kukisia. Picha zilikuwa nzuri jamani: mlango wa nakshi, roshani ya mbao, shuka nyeupe zimenyooka. Chini wameandika "lala ndani ya historia". Nikapiga simu, mwenyewe akapokea, tukakubaliana elfu 35 kwa usiku, chumba cha chini kwa ajili ya magoti ya mama.

Tumefika saa mbili usiku, basi limetupiga kisawasawa. Kijana wa mapokezi akampa mama shikamoo yake vizuri, halafu akanigeukia: cha chini kina mtu, kimebaki cha roshani, na hicho ni elfu 50. Nikamuuliza, sasa yale makubaliano na bosi wako? Akasema, "Cha roshani ni chumba cha kihistoria, kaka." Lishikeni hilo neno, maana nimelisikia siku mbili mfululizo kama adhana. Risiti ya mashine hakuna, mashine mbovu. Akanichania karatasi ya daftari la shule, akaandika "malazi" na tarehe, basi.

Ukutani hapo mapokezi kuna fremu ya kioo, ndani yake karatasi iliyochapwa. Inasema Dokta Livingstone alilala kwenye nyumba hii, na kwamba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru ilihifadhiwa humu kabla ya kupakiwa melini. Nilipokuwa nasubiri ufunguo nikatoka nje kuvuta hewa, nikainua macho. Juu kabisa, chini ya paa, mwenye nyumba wa kwanza aliandika mwaka wake kwa saruji, tarakimu kubwa kama sahani: 1929. Livingstone amefariki 1873! Tena huku kusini mahali anapojulikana kupita ni Mikindani, mwaka 1866, mtoto yeyote wa Mikindani atakwambia. Na Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi ikaenda zake Berlin, ambako iko mpaka leo. Kwa hiyo mifupa ilihifadhiwa kwenye nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa. Unamdanganya mgeni huku nyumba yenyewe imevaa tarehe ya kuzaliwa kwenye paji la uso.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo nyumba ina historia yake ya haki kabisa. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, kikaua watu na kuvuruga mji, nyumba hii ikabaki imesimama. Miaka hiyohiyo bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, biashara ikahamia huko, na Lindi ikaachiwa haya majengo mazuri yasiyo na wateja. Hilo lingetosha kujaza fremu tatu. Halimo hata mstari.

Turudi chumbani. Ngazi za mbao, mwinuko kama wa kupandia mnazi, mama alipanda kwa kukaa: anakaa kidato, anapumua, anajisogeza kingine. Mimi nyuma na mabegi najisikia mtoto mbaya. Kufungua mlango, harufu. Siyo ya choo, ile ya nguo zilizokunjwa mbichi. Mto ukiugusa ni wa baridi na unata. Choo kina shawa ya kupendeza isiyotoa kitu. Maji yako kwenye ndoo na kopo lililokatwa kutoka dumu la mafuta ya kula. Hilo mimi silalamikii sana, maji ya Lindi tunayajua. Ila waliandika "maji moto saa 24".

Halafu nikaona dirisha. Juu ya dirisha kulikuwa na kimia cha mbao, ile nakshi ya kupitisha hewa, majani na maua yamechongwa kwa mkono. Wamekikata kwa msumeno, wakatoboa mraba, wakachomeka kiyoyozi. Pande mbili za nakshi zimebaki zimening'inia kama meno ya mgonjwa. Na hicho kiyoyozi HAKIFANYI KAZI. Nikamwita kijana. "Hiki kiliharibika muda, kaka, tumia pangaboi." Pangaboi nalo lina kasi moja, ya kuomba radhi.

Mama wakati huo hana habari na kiyoyozi, anakagua ukuta. Niwaambie kitu: babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa chokaa Mikindani. Walikuwa wanakusanya matumbawe, wanayachoma juu ya rundo la magogo, wanaizima chokaa kwa maji na kuiacha ilale shimoni muda mrefu kabla ya kuitia mkononi. Mama amekulia hapo, anazijua nyumba za mawe kama wengine wanavyojua ng'ombe. Akapitisha kidole chini ya ukuta, kikatoka na unga mweupe kama wa muhogo. Akauonja! Akatema kwenye kanga. "Chumvi," akasema. "Mwanangu, nyumba hii wameiziba pua."

Wasiojua niwafafanulie, maana ndiyo sababu ya yote. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu toka ardhini na hewa ya bahari, kisha huutoa taratibu. Unapumua. Huyu bwana, ili jengo ling'ae kwenye picha, amepiga lipu ya sementi ndani na nje, juu yake rangi ya mafuta. Maji hayana pa kutokea, yanapanda na chumvi yake, chumvi inakaukia nyuma ya lipu, inaisukuma kidogokidogo mpaka inaachia. Ukigonga unasikia pengo: ngo, ngo, kama nazi iliyokauka. Mama aligonga juu ya kitanda changu akaniambia nihamishe mto upande wa miguu. Nikaona uzee huo. Ila nikahamisha.

Saa tano na nusu umeme ukakatika. Nikachungulia roshanini, mtaa mzima unawaka, ng'ambo ya Kitunda taa zinaonekana, giza ni letu peke yetu. Nikashuka kwa tochi ya simu, kijana yuko kwenye kochi.

"Luku imeisha, kaka."

"Nunueni basi."

"Bosi hapokei simu. Kaka huna elfu tano hapo? Tutakukata kwenye bili."

Wakuu, nilinunua. Ningefanyaje, mama juu anahema. Mita iko kwenye kona ya ngazi, juu kabisa, zamani ilifikiwa kwa meza ambayo sasa haipo. Kwa hiyo nikashikilia stuli yenye mguu mmoja mfupi, kijana amepanda, mimi namsomea tarakimu 20 kwenye simu yangu, akikosea namba ya kumi na saba tunaanza upya. Mara ya tatu ndiyo ikakubali. Mgeni aliyelipa elfu 50, usiku wa manane, anashika stuli! Taa zilivyowaka ndipo nikaona na hivyo vinavyonitembelea mkononi. Kunguni, wamejipanga mistari mitatu kama watoto wa gwaride. Nikamwonyesha. Nyie mnajua alichosema. "Nyumba za kihistoria hizi, kaka, hawakosekani."

Kama saa tisa kasoro, mama anaswali, nikasikia kitu kinapasuka, halafu kishindo. Pande la lipu, upana wa sinia la pilau, limeshuka kutoka juu ya kitanda changu likatua PALEPALE mto ulipokuwa kabla mama hajanihamisha. Unene wa vidole viwili. Vumbi limejaa chandarua, kanzu yangu ya harusi imekuwa ya fundi. Mama akamaliza rakaa zake bila haraka, akatoa salamu, akaniangalia. Hakusema neno. Bora angesema.

Asubuhi eti kuna chai ndani ya bei. Slesi mbili, yai la jana, chai ya majani yaliyopikwa mara ya pili. Hii ni Lindi, mama yangu! Hatua chache mtaani nikapata vitumbua vya moto na supu ya pweza, na bi mkubwa ndipo akacheka kwa mara ya kwanza tangu tushuke basi.

Sasa najua watakuja wale wa "elfu 50 ulitaka ulale ikulu?" Mkuu, usinichoshe. Nimelala gesti za elfu 15 Nachingwea na Masasi, chumba cha tofali za kuchoma, ndoo moja, chandarua kizima, mhudumu anakuamkia, na nikaondoka nashukuru. Na wale wa "majengo ya zamani ndivyo yalivyo": hapana. Boma la Wajerumani pale Mikindani ni la 1895, lilikuwa gofu, likakarabatiwa likawa hoteli, watu wanalala. Uzee haujamwangukia mtu. Kilichotaka kuniua ni lipu ya juzi ya mtu aliyeona chokaa ni ushamba. Na ile roshani ya kwenye picha, nguzo zake zimeliwa na mchwa, wamefunga kamba ya manila na kikaratasi "usiegemee". Leo yuko mgeni mwingine pale na watoto wake. Kwa hili ofisi ya biashara ya manispaa nitaiandikia barua, na watu wa mambo ya kale nao nitawapelekea nakala wakaone kile kimia kilivyokatwa.

Yule kijana simlaumu sana. Analala kwenye kochi, mshahara wa mwezi uliopita hajauona, na wakati tunaondoka ndiye aliyembeba mama mgongoni kushuka zile ngazi, mwenyewe alijitolea.

NYONGEZA, Jumatatu jioni: Bosi hatimaye amepokea simu. Nilidai nirudishiwe usiku wa pili, maana tulihamia kwenye mikeka ya shughuli. Amesema pesa ikishaingia hairudi, halafu akanidai elfu 30 ya "kubomoa ukuta wa kihistoria", ati mgeni wa kabla yangu hakuuangusha. Nikamwambia ushahidi ninao. Kumbe mama alilifunga lile pande kwenye mfuko wa rambo akaja nalo mpaka Dar. Hivi naandika liko mezani kwangu, upande mmoja rangi ya krimu inang'aa, upande wa pili sementi imekamata tabaka jembamba la chokaa nyeupe na kipande cha tumbawe. Mama amelisugua akasema hiyo chokaa alama yake ni ya mafundi wazuri. Picha naziweka chini hapo.

Na ile elfu tano ya luku haikukatwa kwenye bili.