Naomba ushauri: kutafuta asteroidi mpya kwa darubini ya sentimita 30

Ndugu wapenzi wa elimu ya nyota, naomba msaada wenu. Nina darubini ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 30, ambayo kwayo hupima mahali pa asteroidi (miamba midogo inayolizunguka Jua) zinazojulikana, hasa zile za mkanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Hupiga picha kadhaa za eneo lilelile na kuzipitisha haraka moja baada ya nyingine: nyota zote hutulia, na kinukta kimoja hafifu husogea. Vipimo hivyo vilikubaliwa na Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi, nacho kituo changu kikapewa msimbo wa kukitambulisha.

Sasa natamani kugundua, na hapo ndipo ninapokwama. Miradi mikubwa kama Pan-STARRS na Catalina Sky Survey imekwisha kupekua sehemu kubwa ya anga, na asteroidi nyingi zilizosalia ni hafifu mno kwa kioo changu. Nimesoma kuhusu mbinu ya kujumlisha picha nyingi fupi huku zikisogezwa kwa kasi na mwelekeo unaokisiwa, ili mwanga wa asteroidi urundikane mahali pamoja. Lakini kwa kuwa kasi yenyewe haijulikani, kompyuta hulazimika kujaribu makisio mengi sana. Je, yupo aliyeitumia kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani? Je, ni busara kupekua anga ya chini upande wa magharibi mara baada ya giza kuingia, au hewa nzito ya huko (ndiyo hofu yangu kubwa) itameza vinukta vyote? Na mawingu yakizuia usiku wa pili, mnakitafutaje tena kilichoonekana usiku wa kwanza?