Nafasi ya bibi apewe bibi? Usaili wa filamu na watu wazima wasiowahi kuigiza

Wadau, hapa Bagamoyo kumezuka ubishi na mimi nimeshachagua upande. Mama mmoja wa Dunda, mkaanga samaki anayekaribia miaka 60, amekwenda kwenye usaili wa filamu kujaribu nafasi ya bibi wa mhusika mkuu. Mbele ya kamera hajawahi kusimama. Vijana kwenye foleni wakamwambia anawaziba riziki. Barazani nako wakasema mtu mzima ana lipi la kutafuta huko. Nauliza hadharani: kosa lake nini?

Hoja ya vijana naielewa. Mji huu una Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Mtu amelipa ada, amejifunza kupumua, kutoa sauti na kuvaa uhusika, halafu nafasi inakwenda kwa aliyetoka jikoni. Inauma.

Lakini tazameni tunachoonyeshwa. Kijana wa miaka 25 anapakwa poda nyeupe kichwani, anabandikwa pamba kidevuni, anapewa mkongojo. Mara mgongo umepinda, sauti inatetemeka. Wazee gani hao? Nendeni ufukweni mkawaone watu wa miaka 65 wakipandisha ngalawa. Bibi wa pwani akikasirika hatetemeki. Ananyamaza, anakutazama, anasonya, na wewe mwenyewe unajua umekosa. Hilo poda haileti.

Tena mbona tunasema hajawahi kuigiza? Kungwi aliyecheza unyagoni miaka yote ameiga mume mlevi, mke mvivu na wifi mchokozi mbele ya wanawake wasiovumilia uongo. Akiigiza vibaya anaambiwa palepale. Sisi tuliopita huko tunajua, na ya ndani tuyaache hukohuko.

Wengine wanasema atasahau maneno. Filamu si kama mchezo wa jukwaani. Inapigwa vipande vipande, onyesho la mwisho laweza kutangulia la kwanza, na mwigizaji anashika maneno ya kipande hicho tu. Ugumu uko kwingine: kurudia yaleyale kila kamera inapohamishwa, kikombe mkono uleule, kanga begani vilevile, juani mchana kutwa. Hapo ndipo apimwe. Arudishwe mara kadhaa, na akishindwa aambiwe, kama kijana yeyote anavyoambiwa. Na yeye akubali kusahihishwa na mwongozaji wa umri wa mwanawe. "Shikamoo mama, tunaomba turudie" inatosha, heshima haijavunjika.

Msiniletee marehemu Mzee Majuto wa Tanga kama mfano, maana yeye alianza jukwaani tangu utotoni, uzee ukamkuta kazini. Mfano wangu ni Carlo Battisti wa Italia. Alikuwa profesa wa lugha, umri karibu miaka 70, hajawahi kuigiza, mwongozaji Vittorio De Sica alipompa nafasi kuu katika filamu ya Umberto D. ya 1952. Na Chief Dan George wa Kanada alianza kuigiza akiwa na miaka 60, baadaye akateuliwa kuwania Oscar.

Ninapowaunga mkono vijana kabisa ni kwenye pesa. Wapo maprodyuza wanaomtafuta mzee kwa sababu hatadai, wanamaliza na nauli na soda. Huo ni unyonyaji, na unamshusha bei mhitimu pia. Mama akipata nafasi alipwe kile ambacho mhitimu angelipwa kwa nafasi hiyohiyo. Na anayetoza hela ya fomu ili mtu ajaribiwe, tumkatae sote, wazee kwa vijana.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Aliyesema watoto wa mama wataona aibu: waone aibu kwa lipi, kazi ya halali? Asomewe skripti yote kabla ya kukubali, na kipande asichoweza kutazama na wanawe akikatae mapema, si siku ya kupiga picha.

Mchangiaji mmoja, mhitimu, ameandika jambo lililonigusa. Amesema yuko tayari kumwachia mama nafasi ile kama yeye ataajiriwa kumfundisha: alama za kusimama, kutotazama kamera, kuanza tena katikati ya kipande bila hasira kupoa. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Siku chache za mazoezi kabla ya kwenda lokesheni, alipwe kwa kazi hiyo, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu pamoja na wengine.

Kwa hiyo maprodyuza mlioko humu, ombi langu ni hili. Tangazo lenu lijalo la usaili litaje umri wa mhusika na malipo yake. Mkitafuta bibi wa miaka 60, semeni miaka 60, na mlango uwe wazi kwa wenye umri huo. Mnaopinga, nileteeni hoja nyingine. Hiyo ya kuziba riziki nimeshaijibu.