Nimepewa kazi ya kusoma rekodi ya mbunge wetu barazani, na basari yake ndiyo iliyonisomesha. Nifanyeje?

MwalimuWaAmu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, nafundisha hapa Amu (Lamu) mwaka wa tatu sasa. Kwetu ni jimbo jingine la pwani. Mniwie radhi, sitalitaja jimbo wala mheshimiwa mwenyewe, kwa sababu natafuta ushauri, sitafuti ugomvi. Itoshe mjue kwamba amekaa bungeni vipindi vitatu, na 2027 anaomba cha nne.

Watu wa kwetu tulioko kisiwani tuna chama chetu cha kufaana kwenye mazishi, arusi na wagonjwa. Mwezi ujao tunapokea wageni kutoka nyumbani, na baraza limeshapangwa. Mimi nimepewa dakika ishirini niwaeleze huyu bwana miaka yote hiyo Nairobi amefanya nini. Barabara na visima kila mtu anaviona. Wanachotaka kujua ni alipiga kura gani, alisema nini, na alinyamaza wapi.

Shida ya kwanza ni kazi yenyewe. Usiku wa tatu huu nasoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, kwenye simu hadi macho yanawasha, na jina lake kwenye kura silioni. Naona tu kwamba hoja iliulizwa na ikakubaliwa, basi. Je, natafuta pasipo?

Shida ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, nikarudishwa nyumbani kwa karo. Kilichonirudisha darasani ni basari ya fedha za eneo bunge. Mheshimiwa mwenyewe alinikabidhi hundi mbele ya watu, akaniwekea mkono kichwani, akaniambia, "Soma, mwanangu." Sasa mama amesikia kazi niliyopewa. Jana kanipigia simu: "Fadhila za punda ni mateke. Wewe usiwe punda."

Nishaurini.

Jahazi84

Mwachie mwingine kazi hiyo. Mama akishasema, amesema.

KaraniMstaafu

Mwanangu, hutafuti pasipo. Wengi hukwama hapo hapo ulipokwama.

Mambo mengi bungeni huamuliwa kwa kura ya sauti. Spika anauliza, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema la, anasikiliza, anatangaza upande ulioshinda. Sauti haiandikwi jina. Na akidi ya Bunge la Taifa, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wabunge 50 tu kati ya 349, ukimtoa Spika. Kwa hiyo mswada mzito unaweza kupita alasiri moja ukumbi ukiwa nusu mtupu, na miaka kumi baadaye usiweze kuthibitisha kama mbunge wako alisema ndiyo, alisema la, au alikuwa nje akinywa chai. Mtu akikuletea orodha ya "kura zake zote", usiipokee. Orodha hiyo haiwezi kuwapo.

Majina hutokea siku ya kura ya mgawanyiko, au ya kuitwa jina mmoja mmoja. Kubadilisha Katiba, kwa mfano, kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, na hapo hakuna kukisia kwa masikio. Kwa hiyo usianze na miaka, anza na siku. Nakupa chache, na kwa kila moja utazame kwanza kama alikuwa mbunge wakati huo:

Tarehe 6 Mei 2021, mswada wa BBI, ule wa kubadilisha Katiba: 235 waliunga mkono, 83 walipinga.

Mswada wa Fedha wa 2024, mara mbili. Tarehe 20 Juni ulisomwa mara ya pili, 204 kwa 115. Tarehe 25 Juni ukapitishwa, 195 kwa 106, na siku ile ile vijana walioandamana kuupinga wakaingia bungeni. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Tazama zote mbili, maana hesabu ilishuka kila upande. Kuna waliokuwapo Alhamisi na Jumanne hawakuonekana.

Tarehe 8 Oktoba 2024, hoja ya kumwondoa Rigathi Gachagua, Naibu wa Rais wakati huo: zaidi ya 280 waliunga mkono, 44 walipinga.

Halafu tarehe 27 Februari 2019, mswada wa thuluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wabunge. Huu uuwekee alama. Ulihitaji watu 233, wakapatikana 174 ukumbini. Haukuuawa na waliosema la, uliuawa na viti vitupu. Kwa hiyo kwenye daftari lako chora safu tatu: ndiyo, la, hakuwapo. Safu ya tatu ndiyo itakayokufundisha mengi.

Ila usiisome kwa pupa. Mtu anaweza kuwa hospitali, au safarini kwa kazi ya Bunge. Katiba yenyewe humvua kiti mbunge anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika kwa maandishi na bila sababu ya kuiridhisha kamati husika, maana yake inakubali kwamba ziko sababu. Andika "hakuwapo" na uishie hapo.

SautiYaMkunguni

Kuna shirika la Mzalendo, linafuatilia wabunge wanavyozungumza bungeni na kutoa taarifa zake. Chukua hesabu zao, mpe kila mtu aone mbunge wenu ni wa ngapi. Rahisi.

KaraniMstaafu

Ndugu yangu SautiYaMkunguni, taarifa zao zinasaidia na mimi huzisoma. Lakini wingi wa maneno si uzito wa maneno. Yuko anayesimama kila siku kutoa pole na hongera, na yuko anayesema mara mbili kwa mwaka lakini amekaa kwenye kamati akibadilisha vifungu vya mswada. Kazi ya kamati haionekani kwenye Hansadi ya ukumbini. Mwalimu atazame pia ripoti za kamati alizokaa.

Na kama aliingia kabla ya 2013, atazame kama alikuwa waziri au waziri msaidizi. Siku hizo waziri alikuwa mbunge, na kuipinga serikali yake kulimaanisha kuondoka. Tangu 2013 waziri hawezi tena kuwa mbunge wakati huo huo, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha.

NahodhaWaMatondoni

Mimi ni mvuvi, kura za Nairobi sizijui vizuri. Nitasema ninachokijua. Bandari ilipokuja hapa, tulipoteza pa kuvulia. Waliokwenda mahakamani mwaka 2012 ni wananchi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu siku hizo nikisikia mtu anasifiwa kwa ubunge wake, nauliza: katika miaka hiyo, aliuliza swali lolote bungeni kuhusu watu waliokuwa wanaumia kwake? Lolote. Swali halihitaji wenzake 233. Anasimama peke yake tu.

Kwenu pia patakuwa na jambo kama hilo. Ardhi, maji, mnazi, ndovu kwenye mashamba. Anza na hilo kabla ya BBI. Wazee watakusikiliza zaidi.

MwalimuWaAmu

Nahodha, Mungu akuzidishie. Kwetu ni ardhi, na sikuwa nimefikiria kutafuta kwa njia hiyo. Nimetafuta sasa hivi neno "maskwota", yaani wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, pamoja na jina lake katika Hansadi nilizonazo. Nimempata mara nne, na mara mbili alizungumza kwa Kiswahili. Kuna siku alisema kwa uchungu kweli. Nimeona niseme hapa kwamba nimefurahi.

MaalimWaLangoni

Kuhusu mama, binti yangu.

Fedha hizo za maeneo bunge zimekuwapo tangu 2003, na zinatoka kwenye mapato ya serikali ya kitaifa. Sabuni anayonunua mama yako imelipa humo. Vocha yako ya simu imelipa humo. Mheshimiwa alikukabidhi hundi, hakukukatia mfukoni mwake. Sisemi hivi kumshusha. Nasema kwa sababu naona watu wetu wananyamazishwa na basari miaka nenda miaka rudi, kijana mwenye shahada anashindwa kuuliza swali kwa sababu mwaka fulani alipewa elfu tano. Inaniumiza sana.

Soma rekodi.

ShangaziWaMkomani

Maalim, nakuheshimu, lakini umepita haraka hapo. Fedha ni za umma, sawa. Hata hivyo watoto waliorudishwa nyumbani mwaka ule walikuwa wengi, na jina lako mwanangu liliandikwa na mtu. Mkono kichwani haukutoka kwenye kodi. Mama yako anakumbuka siku ile alivyokuwa mjane mbichi, hana wa kumshika. Usimjibu kwa hoja ya bajeti.

Mwambie hivi: "Mama, nitaanza kwa kumshukuru mbele ya watu, kwa jina langu na jina la marehemu baba. Kisha nitasoma yaliyoandikwa, mazuri na mabaya, bila kuongeza neno." Naamini atakuelewa.

Na jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kubwa. Usimsome mtu mzima nyuma ya mgongo wake. Mwandikie. Ofisi yake ya jimbo ipo. Barua moja ya adabu: nimepewa kazi hii, tarehe ni hii, siku hizi tano sikukuona kwenye kura, naomba unieleze nisije nikakudhulumu. Mpe wiki mbili. Akijibu, soma jibu lake lote barazani. Asipojibu, sema uliandika tarehe fulani na jibu halijafika.

KaraniMstaafu

Shangazi amemaliza. Niongeze tu kwamba kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, taasisi ya umma ina siku 21 kujibu. Ukikosa Hansadi ya siku fulani, iandikie Bunge yenyewe kwa sheria hiyo. Anza leo, baraza ni mwezi ujao.

Mzee_wa_Siyu

Mimi ni mtu wa zamani kidogo, niruhusuni.

Aliyekaa muda mrefu msimpime kwa siku moja. Mwai Kibaki alikuwa mbunge tangu 1963 hadi 2013, miaka hamsini kamili. Juni 1982 Bunge lilipoifanya KANU, chama tawala, kuwa chama pekee kwa kifungu cha 2A cha Katiba, yeye alikuwa Makamu wa Rais na aliunga mkono. Desemba 1991 kifungu hicho kikafutwa, naye mwezi huo huo akatoka KANU akaunda chama chake. Ukimsoma 1982 peke yake, huyo ni mtu mmoja. Ukimsoma 1991 peke yake, ni mwingine. Nawe ukisoma wa kwenu, tafuta mahali alipogeuka, kisha tafuta kama siku ile alisimama akaeleza kwa nini. Kugeuka si kosa, lakini mimi humwogopa anayegeuka kimya kimya.

Na msiseme kura haina gharama. Masinde Muliro alikuwa waziri mwaka 1975, ripoti ya mauaji ya mbunge J. M. Kariuki ilipoletwa bungeni. Alipiga kura kinyume na serikali yake na akafutwa uwaziri. Nilikuwa kijana, tulisikia redioni. Nusu karne sasa imepita, na kura hiyo bado tunaitaja.

Jahazi84

Nimesoma yote. Naondoa neno langu la juu. Nilisema kwa kumhofia mama, lakini njia ya Shangazi inamhifadhi mama na kweli pia. Mwalimu, watafsirie wazee vizuri. Hansadi nyingi ni Kiingereza, na hapo ndipo mtu anaweza kumpindisha mwenzake hata bila kukusudia.

MwalimuWaAmu

Nimerudi. Ndugu zangu, sikujua nitapata haya yote.

Nimezungumza na mama usiku huu. Nilimwambia maneno ya Shangazi karibu neno kwa neno. Alinyamaza muda, kisha akauliza, "Utamtaja baba yako?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nisome, ila nisipandishe sauti.

Barua nimeiandika, kesho inaondoka. Nimemuuliza siku sita, si tano, pamoja na siku moja ambayo alisema ndiyo na mimi ningetamani angesema la. Nimemuomba anieleze sababu yake nisije nikambandikia yangu. Yale aliyosema kwa Kiswahili kuhusu maskwota nitayasoma kama yalivyo, kwa maneno yake mwenyewe.

Kilichobaki ni pengo. Hansadi za 2013 hadi 2015 kwenye simu hazifunguki, zinakatika katikati. Kuna aliyezihifadhi?

SautiYaMkunguni

Ninazo kwenye kompyuta, za miaka hiyo yote mitatu. Leta flashi. Kesho baada ya alasiri niko Mkunguni, upande wa ngome.

MwalimuWaAmu

Nitakuwapo, inshallah. Naja na flashi mbili.